Deni la Mia Tatu Linaweza Kukukosesha Cheo

Juzi tulikuwa Mayoni, kwenye barabara ya Mumias kwenda Bungoma, tukiongea na wateja kuhusu usalama wa pesa kwa simu. Tulijiandaa kwa maswali ya PIN na matapeli. Lakini mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi akatuletea mengine kabisa.

Alikuwa anatafuta mtu wa kusimamia duka lake la pili. Kijana aliyemtaka anajua kazi, anafika mapema na hesabu zake ni safi. "Lakini amekopa kila mtu hapa," alisema. "Mia tatu kwa huyu, mia mbili kwa yule. Ukimpigia, unapata mteja." Kazi akapewa mwingine. Tukamuuliza, je, kama angekuwa analipa hamsini hamsini? Akacheka. "Hata angesema tu kwamba hana!"

Maoni yetu ni haya, na tunajua kuna watakaokasirika: vijana wengi wenye bidii hawakwami kazini kwa sababu ya vyeti. Wanakwama kwa sababu ya madeni madogo madogo ya wenzao, na kwa kunyamaza.

Kabla ya M-Pesa kuanza Machi 2007, kukopa mfanyakazi mwenzako kulitaka umwendee, umwangalie usoni. Sasa ni ujumbe tu: "Nitumie mia tatu, nakurudishia jioni. Weka na ya kutolea." Kuomba ni rahisi, na kupotea ni rahisi vilevile.

Hatulaumu mtu kwa kukopa. Upande huu shida za pesa hazihitaji kuelezwa. Kiwanda cha sukari cha Mumias kiliwekwa chini ya meneja mrasimu mwaka wa 2019, na wapo waliokuwa wakitegemea mshahara au miwa ya pale. Hata aliye na kazi ana mikopo inayokatwa kabla mshahara haujamfikia. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote yasipite theluthi mbili ya mshahara. Sasa wewe umebaki na theluthi moja, na tarehe kumi imeisha. Utaenda wapi kama si kwa wenzako?

Shida inaanza jioni ile uliyoahidi ikipita. Unaanza kupitia mlango wa nyuma. Chakula cha mchana unakula peke yako. Kwenye kikao, anayekudai akitoa wazo baya, huna nguvu za kumpinga. Yeye naye hawezi kukushtaki kwa bosi kwa sababu ya mia tatu, ataonekana mdogo, kwa hivyo anawaambia wengine polepole. Siku bosi akiuliza ni nani anaweza kuachiwa funguo, jina lako halitajwi. Na hutaambiwa ni kwa nini.

Anayekusanya mchango wa matanga ofisini pia ajichunge. Pesa zikiingia kwa simu yake na kuchanganyika na zake, watu wataanza kunong'ona hata kama hajala shilingi. Asubiri nini? Jumbe za malipo anazo, aandike majina na kiasi kwenye grupu siku hiyo hiyo.

Na wewe unayedaiwa leo, mtumie mwenzako ujumbe kabla hajakuuliza. Taja kiasi na siku. Kama huna mia tatu kwa pamoja, kwa sasa kutuma hadi shilingi 100 kwa M-Pesa hakuna ada, kwa hivyo mia mia kwa siku tatu haikugharimu zaidi. Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kubonyeza. Mia ikienda kwa mgeni, bado unadaiwa.