Ujuzi wa Mwekezaji Unapita kwa Lugha Gani?

Kila mara mkataba mpya unapotiwa sahihi kati ya serikali na kampuni ya kigeni hapa Katanga, tunasikia ahadi tatu: pesa, kazi na teknolojia. Pesa tunaweza kuzihesabu, hata kama hatuzioni. Watu walioajiriwa tunawafahamu, ni ndugu zetu, wengine tunalala nao nyumba moja. Lakini ahadi ya tatu, ile ya teknolojia, sijapata kusikia mtu amekwenda kuikagua.

Wanauchumi wanaieleza hivi. Kampuni ya nje inakuja na mashine bora na namna bora ya kupanga kazi. Viwanda vya wenyeji vilivyo karibu vinaona, vinajifunza, na baada ya muda mfanyakazi wao anatoa mali nyingi zaidi kwa saa ile ile moja. Hiyo ndiyo tija ya kazi. Faida hiyo inayotoka kwa mgeni na kumfikia jirani bila mkataba, wataalamu wetu wanaoandika Kifaransa wanaiita retombées technologiques.

Mimi ni mwanafunzi wa lugha, na neno hilo lilinisimamisha. Retombée ni kitu kinachoanguka kutoka juu. Mwenye meza anakula, sisi tulioketi chini tunangoja. Nilipojaribu kulitia katika Kiswahili, neno la kwanza lililonijia lilikuwa makombo, nikalifuta kwa hasira. Nikajaribu mfuriko, lakini mfuriko ni wa maji, hauchagui shamba. Mwishowe nilibaki na kuambukiza. Najua haliwezi kuandikwa katika karatasi ya waziri, kwa sababu linanuka ugonjwa. Ila lina ukweli mmoja ambao retombées hawana: ili mtu aambukizwe lazima akae karibu na mwenye nacho, apumue hewa yake. Na utafiti, nilipoanza kuusoma, unalitetea neno langu.

Brian Aitken na Ann Harrison walichunguza viwanda vya Venezuela, na mwaka 1999 walitoa jibu lisilopendeza. Kiwanda ambacho mgeni ameweka mtaji wake kiliweza kupanda, hasa kile kidogo. Lakini viwanda vya wenyeji katika sekta ile ile vilishuka tija mgeni alipoongezeka. Alikuwa amewachukulia wateja, na mashine zao zikabaki kufanya kazi nusu. Mwaka 2004 Beata Javorcik alitazama Lithuania, na yeye akaona faida. Haikuwa kwa washindani wa mgeni, ilikuwa kwa wale wanaomuuzia vifaa. Tena aliiona pale ambapo mgeni na mwenyeji wanamiliki kampuni pamoja, si pale ambapo mgeni anamiliki peke yake. Kabla yao, mwaka 1998, Borensztein, De Gregorio na Lee walilinganisha nchi 69 zinazoendelea wakasema mtaji wa nje unasaidia ukuaji kuliko mtaji wa ndani pale tu ambapo watu wamekwisha kupata kiasi fulani cha elimu.

Sasa sikiliza kisa cha Bangladesh. Mwaka 1979 kampuni changa iliyoitwa Desh ilituma wafanyakazi 130 huko Korea ya Kusini, katika kiwanda cha Daewoo mjini Busan, wakajifunze kushona nguo za kuuza nje. Walikaa miezi sita. Daewoo ililipwa kwa mafunzo na kwa msaada wa kuuza. Wakati huo Bangladesh ilikuwa haiuzi nguo nje kiasi cha kutajwa. Watu hao walirudi, wakafanya kazi, kisha wakaanza kutoka mmoja mmoja. Hadi mwaka 1987, 115 kati ya 130 walikuwa wameiacha Desh, ama kufungua viwanda vyao ama kuajiriwa na wengine waliokuwa wakianza. Mwenye Desh bila shaka alilia. Lakini leo Bangladesh ni kati ya nchi za kwanza duniani kwa kuuza nguo, na mbegu moja kubwa ya sekta hiyo ni watu hao waliotoka wakiwa na kazi nzima kichwani: jinsi ya kukata kitambaa, kupanga mstari wa mashine, kukagua, kuandika barua kwa mnunuzi.

Nasema kazi nzima, kwa sababu hapo ndipo sisi tunapoanguka.

Nilifanya staji ya tafsiri katika kiwanda kimoja cha kusafisha madini, sitakitaja jina. Kazi yangu ilikuwa kutia katika Kifaransa na Kiswahili mabango ya usalama, yaani vaa kofia, usivute sigara, njia ya kutokea. Kazi rahisi, niliimaliza upesi, nikapewa ruhusa ya kuzunguka. Kwenye matangi nilimkuta papa mmoja mwenye umri kama wa baba yangu mdogo, amefanya kazi hapo miaka mingi. Meza ya kuongozea mashine mbele yake ilikuwa imeandikwa Kichina, na chini yake Kiingereza kwa herufi ndogo. Nilimsalimia, nikamuuliza kama anasoma lugha hizo. Alicheka. Akanionyesha taa.

«Ile nyekundu ikiwaka, miye nafunga hii vane. Ikizima, nafungula. Juu ya nini inawaka, habakuniambiaka, mutoto yangu.»

Taa ile ilikuwa inasema kwamba uchachu wa maji umepita kipimo. Nililijua hilo kwa sababu injinia mmoja kijana alikuwa amenieleza asubuhi ile, kwa Kiingereza, kwa dakika tano. Dakika tano! Papa yule amekaa na taa miaka, wala si mjinga: alinieleza mwenyewe kwamba siku za mvua inawaka mara nyingi zaidi, na kwamba tangi la tatu lina tabia yake. Alikuwa na nusu ya sayansi tayari, ameipata kwa macho. Nusu ya pili ilikuwa kwenye kitabu cha mashine, katika kabati, kwa lugha ambayo hakuna zamu yoyote ya Wakongo ingeweza kuisoma.

Basi tumweke papa huyu mahali pa wale 130. Siku akitoka, atatoka na nini? Atatoka na vane moja na taa moja. Hawezi kufungua karakana, hawezi kumfundisha mwanawe. Hata kiwanda chenyewe kinapata hasara, maana mtu asiyejua sababu hawezi kurekebisha kitu kabla hakijaharibika, anangoja taa. Wanaopima tija wanagawanya tani kwa watu, wanapata tarakimu nzuri, wanasema Mkongo anafanya kazi vizuri kuliko zamani. Mashine ndiyo inayofanya. Ukiiondoa, tija inaondoka nayo kwenye lori moja.

Jambo hili si la Wachina tu, na ninawaomba wenzangu wasilisome hivyo. Johannes Fabian, katika kitabu chake Language and Colonial Power cha mwaka 1986, alieleza jinsi Kiswahili kilivyofanywa lugha ya kazi hapa Katanga wakati wa wakoloni. Shefu mzungu alijifunza Kiswahili ili aamuru. Ni lugha ya leta, beba, simama, funga. Sarufi ya amri ilipewa mfanyakazi; sarufi ya sababu, ile ya kwa kuwa na ikiwa na kwa hiyo, ilibaki katika Kifaransa, ofisini. Hydroksidi yetu ya kobalti inayosafirishwa leo inatoka katika viwanda ambako mgawanyo huo haujabadilika sana; kilichobadilika ni lugha ya ofisini. Mwaka 2016 Wamarekani wa Freeport waliuza sehemu yao ya Tenke Fungurume kwa Wachina wa China Molybdenum. Mwenye mali akibadilika hivyo, vitabu vya mashine navyo vinaweza kubadilika lugha. Mfanyakazi ni yule yule.

Hata hivyo zamani kulikuwa na kitu ambacho leo kimepungua, na wazee wa Likasi wanakikumbuka. Union Minière, na baadaye Gécamines, zilikuwa na shule za ufundi na karakana zao kubwa, ambako vipuri vilitengenezwa badala ya kuagizwa. Sisemi turudi huko. Baba yule alifundisha watoto wake kazi yake tu, na alipofilisika aliwaacha. Profesa Dibwe dia Mwembu aliandika kitabu kizima juu ya hao Bana Shaba walioachwa na baba yao. Lakini mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoondolewa kwa mpango ule walioita kuondoka kwa hiari, wengi wao walikuwa mafundi kamili, watu waliojua kuchonga gia kutoka chuma tupu. Ndio waliotufungulia baadhi ya karakana za chuma tunazopita mbele yake bila kutazama. Ujuzi wao ulitoka nao kwa sababu ulikuwa wao.

Rafiki yangu wa fakilte ya uchumi alisoma maneno yangu haya akasema ninatia chumvi, kwamba kila mwenye nyundo anaona misumari. Fundi akijua kila kitu, aliniambia, atawasha mashine kwa umeme gani? Atakopa benki ipi? Ana haki. Kiwanda kidogo Lubumbashi kinakufa kwa umeme kabla hakijafa kwa lugha. Alinikumbusha pia kwamba mwekezaji hana sababu ya kugawa siri zake bure, na Venezuela inaonyesha kwamba anaweza kutudhuru.

Lakini siri za kampuni si uchachu wa maji. Hiyo ni kemia ya shule ya sekondari. Siri iko katika mchoro wa mtambo, katika bei, katika mkataba wa mnunuzi. Kinachofichwa kwa papa yule hakikukusudiwa kufichwa, hakuna aliyetafsiri tu. Na upande wa umiliki wa pamoja, ule uliosaidia Lithuania, sisi tunao katika karatasi: Tenke Fungurume, Gécamines ina asilimia 20. Hisa hizo zinakaa kwenye meza ya gawio. Ningependa zikae pia kwenye chumba cha kuongozea mashine.

Ndiyo maana sheria ya mwaka 2017 juu ya ukandarasi mdogo inanifurahisha nusu tu. Inasema kazi hizo zipewe kampuni ambazo mtaji wake mkubwa ni wa Wakongo na zinazoongozwa na Wakongo. Vizuri, kwa kuwa njia ya wauzaji wa vifaa ndiyo iliyofaa kuliko zote. Lakini inahesabu hisa, haihesabu ujuzi. Mtu anaweza kuwa Mkongo kamili, mwenye muhuri na ofisi, na kazi yake yote ikawa kungojea Kasumbalesa malori ya chokaa na vipuri yaliyotoka nje, aongeze bei, apeleke mgodini. Sheria imetimizwa, na hakuna Mkongo aliyejifunza kutengeneza hata nati.

Ninalolidai ni dogo. Mkataba wa kiwanda uweke sharti kwamba kila kitabu cha mashine kinachotumiwa na zamu kiwe katika Kifaransa na Kiswahili, na kwamba kila anayeendesha mashine aelezwe, katika lugha anayoielewa, mashine inafanya nini na kwa nini. Waajiri tayari wanachangia INPP kwa sheria. Sehemu ya mchango huo ilipe wafasiri na wakufunzi. Inspekta wa kazi anayekwenda kuhesabu kofia na viatu amuulize mtu mmoja wa zamu: taa hii inawaka kwa nini? Akipata jibu, aandike. Asipolipata, aandike pia.

Na sisi? Tunakaa mwaka mzima tukibishana kama Kiswahili cha Lubumbashi ni lugha au ni uharibifu wa lugha. Wakati huo huo watu wa viwandani wanaunda maneno kila siku bila sisi: vane, pompi, kuvidanje tangi. Maneno mengine ni mazuri kuliko yaliyo katika kamusi za pwani, mengine yanaleta ajali kwa sababu zamu mbili zinayaelewa tofauti. Hakuna kazi ya mwisho wa masomo hata moja niliyoiona katika maktaba yetu iliyokwenda kuyakusanya. Tunaandika juu ya methali. Nami niliandika juu ya methali.

Nimeanza daftari. Nina jina la kila sehemu ya pampu, kama anavyolisema fundi wa Kenya (kata yetu, si nchi) na kama anavyolisema mwenzake wa Kolwezi, na mara nyingi hawapatani. Kwa uchachu bado nina shida: wengine wanasema «maji makali», wengine «asidi imepanda», na papa yule, nilipomweleza hatimaye, alifikiri kidogo akasema «kumbe maji yanakasirika». Nimeyaandika yote matatu. Aliye na la nne anipatie, ninakaa meza ya mwisho ya maktaba, upande wa dirisha, kila Jumatano mchana.