Kiima si Mtenda

Miongoni mwa makosa yafundishwayo kwa nia njema, ni machache yaliyoenea kama lile lisemalo kwamba kiima ni mtenda wa jambo. Mwanafunzi hulikuta darasani, hulikariri kwa ajili ya mtihani, na hufika nalo chuo kikuu likiwa limekwisha kuota mizizi. Akitakiwa kuonyesha kiima cha sentensi, humtafuta aliyetenda; asipomwona, hudai kwamba sentensi ina kasoro. Kasoro imo katika kanuni aliyopewa.

Kanuni hiyo yafanana na nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Katika Kiingereza, mahali pa neno ndipo pafanyapo kazi kubwa. Nomino ikitangulia kitenzi huwa kiima, ikifuata huwa yambwa, na upatanisho wenyewe ni haba: kwa vitenzi vya kawaida hauonekani ila katika wakati uliopo, kwa nafsi ya tatu umoja, ambapo herufi moja huongezwa mwishoni. Tena nafasi ya kiima haiachwi wazi. Hata inaponyesha mvua, lugha ile huweka mbele ya kitenzi neno tupu lisilotaja kitu, mradi pajazwe. Si ajabu basi kwamba waliozoea kuchambua lugha ya namna hiyo walitazama mwanzo wa sentensi, wakamwona mtu anayepiga, anayekula au anayekimbia, wakadhani wamekiona kiima chenyewe.

Lakini kanuni hiyo si kweli hata kwa Kiingereza. Mwaka 1968 Charles Fillmore alionyesha kwamba kitenzi kimoja cha kufungua chaweza kutanguliwa na mtu, au na ufunguo, au na mlango wenyewe. Na hao watatu si watenda wote, maana mmoja ni mtenda, mwingine ni chombo, na wa tatu ni kilichopatwa na jambo. Zaidi ya miaka 2,000 kabla yake, Panini wa Bara Hindi alikwisha kutenga dhima za watu na vitu katika tendo na maumbo ya maneno yanayozidhihirisha. Wanaofundisha leo kwamba kiima ni mtenda hawawezi kujitetea kwa kusema kwamba wanafuata elimu ya kigeni. Elimu hiyo yenyewe imekwisha kuwaacha nyuma.

Katika Kiswahili jambo hili ni wazi zaidi, na ushahidi wake wapatikana Dar es Salaam, katika jina la Upanga. Mtu akisema, "Upanga umepotea," asikiaye hutafuta silaha. Akisema, "Upanga kumejaa maji," hakuna atafutaye silaha. Kila mmoja hujua kwamba mtaa umepatwa na mafuriko. Jina ni lile lile, na mahali pake katika sentensi ni pale pale. Kilichotenganisha silaha na mtaa ni silabi moja iliyo mwanzoni mwa kitenzi. Basi katika sentensi ya pili kiima ni nini? Mwanafunzi mwenye kanuni mbovu hujibu kwamba ni maji, kwa kuwa maji ndiyo yaliyojaa. Lakini maji yangedai "yamejaa". Kitenzi kimepatana na mahali, na mahali ndipo kiima, ingawa mahali hapatendi kitu.

Wala si mahali pa namna moja. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikwisha kueleza kazi ya viambishi vitatu: pa kwa mahali maalumu, ku kwa mahali pasipo na mpaka dhahiri, na m kwa ndani. Mtu wa Kariakoo huvitumia bila ya kusoma kitabu. Mlangoni pamefungwa, mitaani kumefurika watu, shimoni, chini ya soko, mna joto. Mvua kubwa ikinyesha na Mto Msimbazi ukifurika, hutangaza kwamba Jangwani hakupitiki, na maana yake hukamilika bila ya kutajwa mpitaji hata mmoja. Sentensi hiyo ina kiima, wala haina mtenda.

Yatazamwe tena haya: Maji yamejaa mtungini. Mtungi umejaa maji. Mtungini mmejaa maji. Habari ni moja, viima ni vitatu, na kitenzi hakikubadilika ila kiambishi chake. Mabadilishano ya namna hii ndiyo yaliyomshughulisha Wilfred Whiteley katika kitabu alichokitoa mwaka 1968 juu ya vitenzi vya Kiswahili na nomino zinazovizunguka. Fauka ya hayo, mama akimpikia mtoto uji, mtoto amepikiwa uji. Naye mtoto, aliye kiima cha sentensi ya pili, kazi yake ni kungoja bakuli tu.

Wapo watakaosema kwamba mzozo huu ni wa maneno matupu, na kwamba lugha hubadilika; siku hizi wengi husema, "Kariakoo imejaa watu," na hueleweka. Ni kweli kwamba jina la mji hukubali i linapotajwa kama kitu kizima: Dar es Salaam imekua. Hapana aibu katika hilo. Lakini kuwa na njia mbili ni utajiri, na kuisahau moja ni hasara. Anayefundishwa kwamba mahali hapawezi kuwa kiima huanza kuyaona maneno ya nyanya yake kuwa makosa, akayasahihisha. Huko si kubadilika kwa lugha. Ni mwalimu kuing'oa kwa kalamu nyekundu.

Tena liko jambo zito kuliko alama za mtihani. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021, Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Kitenzi hicho kina kiima, nacho ni soko, lakini hakimtaji aliyetenda wala hakisemi kwamba yupo. "Lilichomwa" lingesema kwamba yupo, ingawa hakutajwa. "Fulani alilichoma" lingemtaja. Hizo ni kauli tatu zenye uzito tofauti, na mwandishi wa habari, wakili na raia wote hupaswa kujua ni ipi waliyoandikiwa. Aliyefunzwa kwamba kila kiima ni mtenda hana macho ya kuona mahali mtenda alipofichwa, wala mahali asipokuwapo kabisa.

Dawa yake si ngumu. Mwanafunzi na aulizwe maswali mawili, mbalimbali, kwa kila sentensi: Kitenzi kimepatana na nini? Nani au nini kimetenda, kimetendwa, kimetumiwa, au kimekuwa mahali pa jambo? Jibu la swali la kwanza ndilo kiima. Majibu ya la pili ni dhima. Mara nyingine majibu hayo hukutana katika neno moja, na mara nyingine hupishana. Na sarufi inayofundisha kwamba hukutana daima haistahili kupewa hata kipindi kimoja.