Asbesto haidhibitiki

Oktoba 1991, Mahakama ya Rufaa ya Marekani yenye makao yake New Orleans ilitengua karibu yote marufuku ya asbesto iliyotangazwa miaka miwili kabla na shirika la serikali la kulinda mazingira, EPA. Shirika hilo lilikuwa limetumia miaka kumi kukusanya ushahidi, na majaji hawakukana kwamba asbesto inaua. Walisema sheria ya kemikali ya wakati huo ililitaka lichague hatua yenye mzigo mwepesi kuliko zote kwa wenye viwanda, na lithibitishe hivyo kwa kila bidhaa, bomba kwa bomba, kigae kwa kigae. Kisha wakapiga hesabu. Kwa baadhi ya bidhaa walikuta gharama ya marufuku ikifika dola milioni 30 hadi 40 kwa kila uhai utakaookolewa, wakaona imezidi. Katika tanbihi moja walitaja watu wanaokufa kwa kumeza vijiti vya kuchokolea meno, wakaeleza kuwa idadi yao inazidi mara mbili vifo ambavyo vingeepukwa kwa kupiga marufuku mabomba, vigae na vipako vya paa vya asbesto.

Kasoro ya hesabu hiyo iko kwenye muda. Unyuzi wa asbesto ni mwembamba kiasi cha kutoonekana kwa macho. Ukivutwa hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na mwili hushindwa kuutoa wote. Baada ya hapo inaweza kupita miaka 20, 30, hata 50 kabla mtu hajaanza kukosa pumzi kwa asbestosi, yaani makovu ya mapafu, au kabla hajapata saratani ya mapafu, au mesotelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu ambayo ni wachache mno wanaoishi nayo kwa muda mrefu. Majaji walitaka thamani ya maisha yatakayookolewa ipunguzwe kwa kila mwaka wa kusubiri, kama wahasibu wanavyofanya kwa fedha zitakazolipwa baadaye, na miaka hiyo ihesabiwe mpaka ugonjwa utakapojitokeza badala ya kuishia siku mfanyakazi anapovuta vumbi. Kwa hesabu ya namna hiyo, sumu inayochelewa kuua hupata nafuu mbele ya sheria kwa sababu tu inachelewa. Ndiyo maana nashikilia kwamba sheria inayosubiri kwanza kuhesabiwa maiti wa asbesto imekwisha kumpa ushindi muuzaji, na kwamba marufuku kamili ndiyo hatua pekee inayolingana na jinsi asbesto inavyoua.

Wanaopinga marufuku wana jibu lao la siku zote: tumieni asbesto kwa udhibiti. Lowesheni vumbi, wavisheni wafanyakazi barakoa, pimeni hewa, tieni wakaguzi. Njia hiyo imekwisha kujaribiwa, tena na nchi iliyokuwa na wakaguzi wa viwanda tangu karne ya 19. Mwaka 1924 alifariki Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo za asbesto mjini Rochdale, Uingereza, na daktari aliyechunguza mapafu yake, William Cooke, akayaandika aliyoyaona katika jarida la kitabibu. Mwaka 1931 serikali ikatunga kanuni za kudhibiti vumbi la asbesto viwandani. Katikati ya miaka ya 1980 ikapiga marufuku asbesto aina ya buluu na ya kahawia, na mwaka 1999 ikamalizia na nyeupe. Hiyo ni karibu miaka 70 ya udhibiti. Leo mesotelioma peke yake inaua zaidi ya watu 2,000 nchini humo kila mwaka, na miongoni mwa walioathirika vibaya zaidi ni maseremala, mafundi bomba na mafundi umeme. Hawa hawakufanya kazi katika viwanda vilivyolengwa na kanuni zile. Walikata shiti za asbesto za dari, wakatoboa kuta, wakafagia mabaki na kurudi nyumbani na vumbi kwenye nguo.

Hapo ndipo hoja ya udhibiti inapovunjika. Bidhaa ya asbesto ikishatoka getini inaishi miaka mingi mikononi mwa watu wasioijua, na hakuna mkaguzi atakayeifuata mpaka kwenye kila paa linalotobolewa. Afrika Kusini ililionyesha hilo mapema. Mwaka 1960 J. C. Wagner na wenzake walichapisha taarifa ya visa 33 vya mesotelioma, vingi vikitoka kwenye eneo la migodi ya asbesto ya buluu kaskazini magharibi mwa Jimbo la Cape, na baadhi ya wagonjwa hawakuwahi kuchimba hata siku moja. Walikuwa wameishi tu jirani na migodi, wengine wakiwa watoto. Iliwachukua waathirika wa nchi hiyo miongo minne mpaka Julai 2000, pale mahakama ya juu ya Uingereza ilipowaruhusu zaidi ya 3,000 kati yao kuishtaki kampuni ya asbesto ya Uingereza, Cape, jijini London, kwa kuwa kwao hawakuwa na njia ya kugharimia kesi nzito kiasi hicho. Wengi walikufa kabla ya kulipwa. Afrika Kusini yenyewe ilipiga marufuku asbesto mwaka 2008.

Hukumu ninayoiona kuwa ya haki ilitoka Geneva. Ufaransa ilipiga marufuku asbesto kuanzia Januari 1997, na Kanada, iliyokuwa ikichimba na kuuza asbesto nyeupe ya Quebec, ikaishtaki katika Shirika la Biashara Duniani ikidai kwamba udhibiti ungetosha. Machi 2001 chombo cha rufaa cha shirika hilo kikaikatalia. Kilisema kila nchi ina haki ya kuchagua kiwango cha kinga inachotaka kwa watu wake, kwamba Ufaransa ilikuwa imechagua kukomesha kabisa hatari hiyo, na kwamba udhibiti haungeweza kuifikisha huko, hasa katika kazi za ujenzi. Kilisema pia kuwa kusababisha saratani ni sifa ya bidhaa yenyewe, hivyo haiwezekani kuilinganisha na mbadala wake kana kwamba ni kitu kimoja. Kanada iliyofungua kesi hiyo ilipiga marufuku asbesto mwaka 2018. Marekani ilirekebisha sheria yake ya kemikali mwaka 2016 na kuondoa sharti lile la mzigo mwepesi, kisha Machi 2024 ikapiga marufuku asbesto nyeupe, ingawa baadhi ya viwanda vya klorini vilipewa hadi miaka 12 ya kujiandaa. Kanuni hiyo nayo imepingwa kortini, katika mahakama ileile ya New Orleans.

Wapo watakaosema asbesto nyeupe, krisotili, si kali kama ya buluu. Katika mesotelioma wana sehemu ya ukweli: ya buluu ni hatari zaidi, uzito kwa uzito. Lakini Shirika la Utafiti wa Saratani la Kimataifa limeziweka aina zote, nyeupe ikiwemo, kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya 200,000 hufa kila mwaka kwa asbesto waliyokutana nayo kazini. Kumwambia fundi kwamba vumbi analovuta si baya kama lile jingine ni faraja ndogo mno, hasa akiwa mvutaji sigara, maana asbesto na tumbaku huzidisha kwa pamoja hatari ya saratani ya mapafu.

Hoja ya umaskini ni nzito zaidi, na inastahili jibu la heshima. Inasemwa kwamba nchi zetu zinahitaji paa na bomba za bei nafuu. Ni kweli zinahitaji. Lakini mabati, vigae vya udongo, mabomba ya plastiki na shiti za saruji zenye nyuzi za mimea au za plastiki vipo sokoni, na gharama ya asbesto haiishii dukani. Hulipwa tena na familia inayomuuguza baba asiyeweza kupanda ngazi, na hulipwa na serikali siku paa la shule linapotakiwa kushushwa. Kenya iliitaja asbesto kuwa taka hatari katika kanuni zake za taka za 2006, na Rwanda imekuwa ikiendesha mpango wa taifa wa kuyaondoa mapaa hayo. Kazi hiyo ni ghali, na inalipiwa na nchi ambazo hazikupata faida ya uchimbaji.

Kinachouma zaidi ni yanayotokea katika Mkataba wa Rotterdam, mkataba wa kimataifa unaohusu biashara ya kemikali hatari. Kuingizwa kwa krisotili kwenye orodha yake hakungekuwa marufuku. Kungemlazimu tu msafirishaji kupata kwanza ridhaa ya nchi inayopokea, nayo ikijua inachokipokea. Wataalamu wa mkataba walikwisha kupendekeza hivyo, lakini tangu 2006 pendekezo hilo limezuiwa mkutano baada ya mkutano, kwa kuwa uamuzi hudai kauli moja ya wanachama wote, na wachimbaji kama Urusi na Kazakhstan hawakubali. Muuzaji mwenye uhakika na usalama wa bidhaa yake hana sababu ya kumzuia mnunuzi asiarifiwe.

Nakubali jambo moja ambalo wapenda marufuku hulipita haraka: sheria haiondoi kilichokwisha kujengwa, na kukiondoa kwa pupa ni hatari kuliko kukiacha. Shiti nzima, isiyopasuka wala kumomonyoka, haimdhuru anayelala chini yake kama inavyomdhuru anayeipasua kwa nyundo. Kwa hiyo wabunge wetu wasiishie kwenye marufuku ya kuingiza na kuuza. Sheria idai orodha ya majengo ya umma yenye asbesto, idai jengo likaguliwe kabla ya kukarabatiwa au kubomolewa, na itenge maeneo ya kuzika taka hizo pamoja na fedha za kazi hiyo. Wajumbe wetu kwenye mikutano ya Mkataba wa Rotterdam waunge mkono kubadilishwa kwa kanuni ya kauli moja. Na wewe mwenye nyumba ya zamani yenye paa la kijivu lenye mawimbi, usilikate, usilitoboe, usilisugue wala usilifagie likiwa kavu, na usimpe fundi kazi hiyo kabla hujapata ushauri wa mamlaka ya mazingira.