Elimu ya Mabango

Husemwa katika nyumba nyingi za Temeke na Kinondoni kwamba kuchora ni kipaji, na kipaji hakisomewi. Kijana atajapo nia ya kwenda chuo kikuu kusoma usanifu wa mawasiliano, yaani elimu ya kupanga maneno, picha na rangi hata ujumbe umfikie aliyekusudiwa, huulizwa kwa kejeli kama baba yake atauza kiwanja ili mwanawe aandike mabango ya vinyozi. Swali hili lina sauti ya busara, ilhali linamdharau kinyozi na linaidharau elimu.

Shahidi aitwaye na wapinzani hao ni Edward Saidi Tingatinga. Mtu huyu alitoka Tunduru, na kwenye mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege mjini Dar es Salaam kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari. Hakupita chuo chochote cha sanaa, na jina lake limeenea duniani. Kweli tupu. Lakini ushahidi huo unawageukia wenyewe. Tingatinga alikufa mwaka 1972, na kazi yake haikufa, kwa sababu alikuwa amekwisha kuwafundisha vijana waliomzunguka, nao wakafundisha wengine, hata wakaunda ushirika wao Oysterbay, Kinondoni. Mwalimu, wanafunzi, vifaa na masahihisho vilikuwapo: kilikosekana nini ili paitwe shule, isipokuwa kibao mlangoni? Tena mtindo huo umeigwa na kila apendaye. Nchi ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, lakini mchoraji asiyefundishwa mkataba huuza picha mara moja, kisha akaiona juu ya fulana elfu.

Kosa jingine liko upande wa pili, nalo laumiza zaidi kwa kuwa limevaa joho. Wako wasomi ambao kwao usanifu ulizaliwa Ujerumani, katika shule ya Bauhaus iliyofunguliwa Weimar mwaka 1919, ukafika Afrika ya Mashariki ndani ya kompyuta. Bauhaus ina haki ya kusomwa. Hata hivyo mwanafunzi wa Mbagala hufika darasani akiwa amelelewa katikati ya usanifu, wala haambiwi. Kanga ya mama yake ni ukurasa uliopangwa: pindo limezunguka, mji uko katikati, na jina limekaa chini ya mji, pahali ambapo jicho halikosi kupita. Majina hayo yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kilatini, na siku zote yalipimwa yawe machache, yamtosheleze mvaaji kumjibu jirani pasipo kufungua kinywa. Daladala ina mstari wa rangi ubavuni uonyeshao njia yake, ili hata asiyejua kusoma asipotee baina ya Tandika na Mwenge. Na fundi wa mabango anajua, bila kitabu, ukubwa wa herufi isomwayo na abiria aliyebanwa dirishani gari likienda. Elimu hiyo ikifungiwa nje, chuo kitatoa vijana hodari wa kupamba matangazo ya benki, wasioweza kusema na shangazi zao.

Wala hili si jambo la mapambo. Mwezi wa Agosti mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Kinondoni, kikaenea katika mikoa mingi. Wakati kama huo, tangazo lenye aya tano za lugha ya ofisi, lililobandikwa juu kupita kimo cha mtu, ni sawa na kimya. Fundi wa barabarani peke yake hawezi kulitengeneza, maana hajui ugonjwa. Daktari peke yake hawezi, maana hajui barabara. Aliyesoma usanifu barabara ndiye apaswaye kusimama kati yao, na kazi hiyo yastahili shahada kama sheria na uhandisi.

Basi fundi wa Tandika na aitwe darasani, alipwe kama mwalimu mwingine. Na mtihani wa mwisho usifanywe ukumbini. Tangazo la mwanafunzi litundikwe penye bomba la maji Mbagala, na mtahini amwulize mama aliyeshika ndoo linasema nini. Akijibu sivyo, mwanafunzi alirudie.