Kadi ya kliniki nayo ivuke mpaka

Mama mfanyabiashara wa Mbuya, Kampala, anayefuata mzigo Busia hasahau karatasi za forodha. Lakini akiwa mjamzito na kadi ya kliniki ikabaki nyumbani, muuguzi wa upande wa pili ataanza upya, bila kujua presha yake wala vipimo vyake.

Mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37 ni njiti. Mwaka 2020 walizaliwa takriban milioni 13.4 duniani. Mara nyingine chanzo hakijulikani. Lakini malaria, presha, maambukizi ya njia ya mkojo, mapacha na mimba za kufuatana upesi huongeza hatari. Mengi hugunduliwa kliniki mapema, na Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito ahudhurie mara nane.

Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza mwaka 2010 ili watu na bidhaa wavuke kwa urahisi. Serikali zikubaliane kadi ya mjamzito nayo itambuliwe pande zote. Kwa sasa, mama asafiri nayo. Akiona damu, maji yakivuja au uchungu ukianza mapema, aingie hospitali iliyo karibu, upande wowote. Mzigo hungoja, uchungu haungoji.