Mteja wa kompyuta za kukodi awe huru kuhama

Desemba 2009, Amazon ilianza kupiga mnada nguvu za kompyuta zilizokaa bila kazi katika vituo vyake vya data. Mteja alitaja bei yake. Bei ya soko ikiipita, alinyang’anywa mashine. Mwishoni mwa 2017 utaratibu ukabadilika: kampuni yenyewe hupanga bei kwa kufuata mwenendo wa ugavi na mahitaji. Punguzo hufika hadi asilimia 90, ila mashine yaweza kuchukuliwa kwa ilani ya dakika 2.

Unafuu huo ni wa kweli, na watafiti na kampuni changa wanafaidika nao. Lakini pale muuzaji anapokuwa pia mpanga bei, kinga pekee ya mnunuzi ni uwezo wa kwenda kwingine. Kinga hiyo huvunjwa na ada za kuhamisha data.

Umoja wa Ulaya umeliona hilo: sheria yake ya data inapiga marufuku ada za kuhama kuanzia Januari 12, 2027. Serikali za Afrika Mashariki zitunge sheria kama hiyo kwa pamoja, kabla taasisi zetu hazijafungwa kwa muuzaji mmoja. Hakuna ushindani pale mnunuzi asipoweza kuondoka.