Moto wa Septemba Si Mila Yetu

Moshi ukionekana upande wa malisho, kijiji chetu cha Mwakitolyo, Shinyanga, huwa na jibu lililokwisha kuiva: "Acha iungue, nyasi zitarudi." Atalisema mfugaji, atalisema mchimbaji aliyekaa kivulini akisubiri zamu yake ya kuingia duarani, yaani shimoni, na mara nyingine atalisema hata kiongozi wa kitongoji ambaye kazi yake ni kupiga mwano watu watoke wakazime moto. Mwenye kutaka kumaliza ubishi huongeza kwamba hii ni mila, Wasukuma wamechoma nyika namna hii tangu enzi za mababu. Mimi nasema kauli zote mbili si kweli, na hiyo ya pili ni uonevu kwa wazee waliolala makaburini wasioweza kujitetea.

Babu wa Kisukuma aliyekuwa na ng'ombe alikuwa na ngitili. Mvua zilipoanza, alitenga sehemu ya malisho na kuifunga. Mifugo haikuingia humo. Nyasi ziliachwa zikue, zikomae na kukauka zikiwa zimesimama, huku miche ya migunga ikipata nafasi ya kuinuka katikati yake. Kufikia Julai au Agosti, malisho ya wazi yakiwa yamebaki vumbi, ngitili ilifunguliwa kidogo kidogo kwa ajili ya ndama, maksai wa kulimia na ng'ombe waliodhoofika. Aliyeingiza mifugo kwenye ngitili ya mwenzake aliitwa mbele ya dagashida, baraza la kimila, na kutozwa faini. Hilo ni ghala la chakula cha mifugo, na sijasikia ukoo wowote ulio na mila ya kutia moto ghala lake katikati ya njaa.

Moto mkubwa wa mwishoni mwa kiangazi ulipata msukumo wake kwingine. Katika miaka ya 1920, C.F.M. Swynnerton, afisa wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, aliifanya Shinyanga kuwa makao ya utafiti wa mbung'o. Mbung'o hutaka kivuli cha vichaka, naye alitaka moto mkali wa kuviangamiza vichaka hivyo. Moto wa namna hiyo hauwaki Mei, majani yakiwa bado na unyevu. Kwa hiyo watawala wa jadi waliombwa wawazuie watu wao wasichome mapema. Nyasi zitunzwe hadi zikauke kabisa, kisha eneo zima liwashwe kwa pamoja. Baadaye yakafuata mashoka, miti ikafyekwa kwa maeneo makubwa. Siwezi kukana kwamba nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na mbung'o, ilipungua na ng'ombe wakapata mahali pa kuishi. Lakini anayewasha kiberiti Septemba akijiona anafuata nyayo za babu yake, aelewe kwamba moto wa msimu huo ulipangwa na ofisi ya mkoloni, kwa shabaha ya kuua mdudu.

Ngitili nyingi zilikuja kuvunjika miaka ya 1970, Operesheni Vijiji ilipowahamisha watu mbali na maeneo yao. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zikijulikana mkoani zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Miaka kama kumi na saba baadaye zilihesabiwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji vinavyozidi 800. Hakuna mzungu aliyekuja kuotesha miti yote hiyo. Watu walifunga maeneo, wakaweka sheria ndogo, sungusungu, walinzi wa jadi, wakazisimamia, na ardhi iliyokuwa imeanza kuitwa jangwa ikafunikwa tena. Hiyo ndiyo mila, na ushahidi wake unaonekana kwa macho. Moto mmoja wa alasiri yenye upepo unaweza kufuta kazi ya miaka kumi, maana mche wa mgunga usiofika usawa wa kiuno hauhimili miali inayopanda juu ya kichwa cha mtu.

Sasa nyasi zinazorudi. Ni kweli kwamba baada ya moto utaona vichipukizi vya kijani, na ng'ombe huvikimbilia. Lakini vichipukizi hivyo vinatoka kwenye akiba iliyo ndani ya mizizi. Vikiliwa kabla ya mvua, mzizi huchoka, na mwaka unaofuata panaota magugu na miiba ambayo hata mbuzi anaikwepa. Kwenye mbuga zetu za udongo mweusi, ambazo Agosti huwa zimepasuka nyufa za kupitisha mguu, mara nyingi hata hicho kijani kidogo hakitokei. Kinachobaki ni majivu. Watu husema majivu ni mbolea, na kweli yana madini, lakini naitrojeni nyingi iliyokuwa ndani ya majani imekwisha kupaa na moshi, na majivu yenyewe yanasubiri upepo. Mvua za kwanza za Novemba zinakuta ardhi uchi, zinaipiga na kuitelemsha kwenye makorongo. Nyasi zinarudi kwa sababu ya mvua. Angalia ngitili ambayo haikuungua: nayo huchipua mvua hizo hizo zinaponyesha, ikiwa imekwisha kulisha ng'ombe kwa miezi miwili mitatu.

Wako wanaotetea moto kwa sababu ya kupe, na hao nawasikiliza. Moto huua kupe walio kwenye majani. Hauwaui walio masikioni mwa ng'ombe, na ng'ombe hao ndio watakaowarudisha malishoni. Kupe hutibiwa kwenye josho. Wapo pia wanaoamini kwamba mtu akiwasha moto ukaenda mbali, naye ataishi miaka mingi. Imani hiyo inamwachia jirani hasara ili mwingine apate bahati, na sioni kwa nini tuiheshimu.

Sisemi moto usiguswe kabisa. Mapema, Mei au mwanzoni mwa Juni, moto mdogo kwenye majani yenye unyevu huunguza kipande hapa na kipande pale, kisha hufa wenyewe jioni. Kaskazini mwa Australia, wenyeji wa Arnhem Land ya Magharibi wanachoma kwa mpango wa namna hiyo mwanzoni mwa kiangazi, na mradi wao ulioanza rasmi 2006 unawaingizia fedha kwa sababu unazuia moto mkubwa wa baadaye. Sheria yetu ya Misitu ya mwaka 2002 nayo haikukataza moto. Inadai kibali kabla ya kuchoma uoto nje ya mipaka ya makazi. Hata masalia ya pamba, ambayo serikali huwataka wakulima wayang'oe na kuyachoma kabla ya katikati ya Septemba ili kuua funza, yanaweza kukusanywa rundo katikati ya shamba, pembeni pakalimwa, yakachomwa alfajiri pasipo upepo. Anayechoma saa nane mchana kisha akaenda nyumbani hawezi kujificha nyuma ya amri hiyo.

Machimboni tunadhani jambo hili ni la wafugaji. Ni kosa kubwa. Kambi zetu ni maturubai, nyasi na miti, na kati yake yako madumu ya dizeli na petroli ya pampu na jenereta, na mahali pengine baruti. Moto ukitoka malishoni na kufika hapo, watu hawana njia pana za kukimbilia. Tena kila duara linasimama kwa matimba, magogo ya kushikilia kuta zake. Msitu unaoungua leo ulikuwa matimba ya kesho kutwa. Yakifuatwa mbali bei inapanda, na bei ikipanda wapo watakaopunguza idadi yake shimoni, nasi tunajua anayelipia ni nani.

Mlima Kilimanjaro ulipoungua Oktoba 2020, taifa zima lilitazama, na watu kwa mamia walipanda kuuzima. Lilikuwa jambo jema. Lakini FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikadiria kwamba Tanzania huunguza hekta kama milioni 11 kila mwaka, na sehemu kubwa ni nyika na miombo isiyokuwa na mtalii wala kamera. Moto wetu haupewi uzito kwa sababu sisi wenyewe tumeuita wa kawaida.

Kwa hiyo mkutano mkuu wa kijiji uitwe Mei, kabla majani hayajakauka. Uamue nani atachoma wapi na kwa kibali gani, na kwamba kuanzia Julai hakuna moto wa porini kwa sababu yoyote, uwe wa mkaa, wa kurina asali au wa kuwinda. Wenye leseni za uchimbaji wakate barabara za kuzuia moto kuzunguka kambi, kwa kuwa ndio wenye mitambo. Sungusungu wapange zamu za mchana kwenye ngitili kama wanavyopanga za usiku kwenye mazizi. Na faini isiishie ofisini. Apewe aliyeunguliwa na malisho, maana ndiye atakayenunua mashudu mpaka mvua zinyeshe.